Ya Tatu Inashinda Zote

Jumapili iliyopita watoto wa dada yangu walileta nyumbani flashi yenye filimu zote za yule nahodha wa maharamia, kuanzia ya kwanza mpaka ya sita, wakazitazama mfululizo kama watu walioajiriwa kwa kazi hiyo. Mimi nilikuwa jikoni nikichambua majani ya muhogo ya kupika sombe, na nikawasikia wakibishana. Mkubwa alisema ya kwanza ndiyo filimu, zilizofuata ni biashara tu. Mdogo wake alitetea ya pili kwa sababu ina dhoruba. Kuhusu ya nne, ya tano na ya sita walikuwa na neno moja: nahodha amezeeka, anapigana akiwa amekaa, na hadithi imekuwa chai ya majani yaliyochemshwa juzi. Halafu wakaniita niwe hakimu.

"Mama mudogo, we unasema nini?"

"Ya tatu," nikasema. "Ya tatu inashinda zote."

Walicheka mpaka wakashika matumbo. "Ya tatu? Mama mudogo, ile njo mubaya kabisa! Hata nahodha mwenyewe balimubadilisha!"

Sikubishana, kwa sababu hawakukosea. Ya tatu, kama filimu, ni takataka, na ninayesema hivyo niliitazama kabla wao hawajazaliwa. Lakini televisheni yao ilikuwa imewaka tangu asubuhi, na nilipoikaribia nilisikia ile harufu ya vumbi linalopata moto ndani ya mashine. Nilirudi jikoni nikaacha sombe ilivyo, nikakaa kwenye ndoo, nikalia kidogo.

Nyinyi mliokulia Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, wakati mmoja na mimi mnaijua harufu hiyo. Mnaukumbuka ukumbi wa kampuni, mabenchi yake ya mbao yaliyotuchana kaptula na sketi, na shuka kubwa jeupe lililotundikwa ukutani kila Jumamosi jioni. Mnamkumbuka pia Tata Kabeya, tata yaani baba, kama tulivyowaita wazee wetu wote. Siku za kazi alikuwa fundi wa umeme mgodini, lakini Jumamosi alikuwa mwenye mashine ya sinema, na sinema bila yeye ilikuwa shuka tu.

Filimu zilikuja kwa Kiingereza, na Kapata nzima hakuna aliyekijua, Tata Kabeya akiwemo. Hilo halikumsumbua. Ijumaa baada ya kazi aliizungusha filimu peke yake katika ukumbi mtupu, akiangalia midomo na mikono ya watu. Jumamosi alisimama kando ya shuka na fimbo mkononi na kutueleza kila kitu. Watu wa kwenye picha walipoongea alishusha sauti akaongea yeye. Panga zilipogongana aliipandisha mpaka madirisha yakatetemeka. Nahodha, Tata Kabeya alimwita Kapita, kama tulivyowaita wasimamizi wa mgodini, kwa sababu nani kati yetu alikuwa ameona nahodha? Gavana wa kisiwa, mwenye nywele za bandia, alikuwa mkuu wa wafanyakazi. Na siku maharamia walipofungua sanduku na dhahabu ikang'aa, Tata Kabeya alinyoosha fimbo akapiga kelele: "Posho! Posho ya mwezi muzima!" Ukumbi ulisimama. Mama mmoja alipiga vigelegele. Kwa miaka mingi niliamini kwamba maharamia hugawiwa unga na samaki wa chumvi kila mwisho wa mwezi, wakipanga foleni, kama baba yangu.

Binti yake wa kwanza, Ngalula, alikuwa rafiki yangu. Nyumba za kampuni zilijengwa kwa safu, na yetu na yao zilitumia ukuta mmoja. Asubuhi tuliugonga kwa kijiko: yeye upande wake, mimi upande wangu, kujua nani ameamka. Baba yangu alitoka kaskazini, upande wa Malemba. Babu yake Ngalula aliletwa kutoka Kasai, mkoa wa mbali, na kampuni kuja kufanya kazi ya mgodi, enzi ambazo hata baba zetu hawakuwa wamezaliwa. Haya nayajua sasa. Wakati ule nilijua tu kwamba kwao walipika kwa mawese mengi kuliko sisi, na kwamba Ngalula alikuwa na kichwa kigumu.

Tulipocheza maharamia, mashua yetu ilikuwa toroli bovu lililotupwa nyuma ya nyumba. Panga zetu zilikuwa vipande vya mbao za makasha. Na kila mara Ngalula alikaa mbele.

"Mi njo mukubwa," alisema. "Mwenye kukaa mbele njo anaonaka inchi kavu wa kwanza."

"Na mi nitaona nini?"

"Utaona mugongo yangu."

Tulipigana kwa ajili ya nafasi hiyo, tukanuniana, tukagonga ukuta kwa kijiko, tukapatana. Sikuwahi kukaa mbele hata mara moja.

Katika filimu ile ya kwanza, tuliyempenda zaidi hakuwa Kapita. Alikuwa mtu mfupi, mwenye nyundo kiunoni, aliyeziba matundu ya meli wakati wa tufani. Tata Kabeya alimwita Fundi, bila jina lingine, na Fundi alikuwa na binti mdogo aliyeishi naye humo melini. Maji yalipoanza kuingia, Tata Kabeya alipigapiga shuka kwa fimbo: "Fundi, hapa! Fundi, na pale!" Ukumbi mzima ulipiga kelele pamoja naye, wanaume wa mgodi na wake zao, watu wa kaskazini na watu wa Kasai, mpaka tundu la mwisho likazibwa. Nikiulizwa kwa haki, hiyo ndiyo filimu bora. Lakini sikuulizwa kwa haki.

Ya pili ilifika wakati mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika. Mgodi mkubwa wa kampuni ulikuwa umeporomoka, mishahara ilichelewa, posho ikawa nusu, kisha robo. Redio ilianza kusema maneno yaliyomfanya baba aizime kila tulipoingia. Shuleni mtoto mmoja alimwita Ngalula mdudu, nasi tukamrukia wote wawili. Nilidhani ni tusi lake yeye, kwa sababu ya miguu yake myembamba. Sikujua kwamba ndilo jina walilopewa watu wote wenye asili ya Kasai, na kwamba watu wazima waliliimba barabarani wakitaka wafukuzwe mkoani.

Ijumaa ya kuijaribu ya pili, Tata Kabeya alituruhusu kukaa naye katika ukumbi mtupu. Kwenye picha tulimwona Fundi akiwapa askari wa gavana karatasi usiku. Kisha mabaharia wakamkamata, wakamtia katika mashua ndogo pamoja na mtoto wake, wakamsukuma kuelekea kisiwa kikavu. Tata Kabeya alituuliza: "Batoto, huyu amefanya nini?"

"Ameuzisha bo bote," Ngalula akajibu. "Amepatisha baaskari njia."

"Njo bile," akakubali baba yake, akacheka, akazima mashine.

Kesho yake ukumbi ulijaa, lakini ulijaa vibaya. Watu waliketi kwa makundi. Baba yangu aliketi karibu na mlango. Mabaharia walipomkamata Fundi, kijana mmoja huko nyuma alipiga kelele: "Mududu! Atoke!" Wengine wakacheka, na wengine wakaanza kupiga benchi kwa mikono: atoke, atoke.

Tata Kabeya alishusha sauti ya mashine mpaka ikakatika. Akaielekeza fimbo chini, na juu ya shuka mashua ndogo ikaendelea kwenda zake. Kisha akaongea, si kwa sauti ya sinema bali kwa sauti yake ya nyumbani niliyoizoea kuisikia kupitia ukutani.

"Muangalie ule Fundi. Banamufukuza. Juu ya nini? Mi sijue. Na bo habajue. Ile meli, nani aliigongaka misumari? Ni yeye. Mutoto wake alizaliwaka mulemule, hajue kwengine." Alinyoosha fimbo akamgusa yule mtoto kwenye shuka. "Lakini musiende kulala na huzuni. Kapita ataona meli inaingia mayi, na atakumbuka. Mu ya tatu batarudia kumubeba."

Nilifungua mdomo kusema kwamba jana haikuwa hivyo. Ngalula alinifinya paja kwa nguvu zake zote. Hakuna aliyecheka tena. Hakuna pia aliyepiga makofi. Baba yangu alisimama, akavaa kofia yake, akatoka, na mpaka leo sijui alikuwa anakwenda kumtetea jirani yake au kujificha. Nadhani alikwenda kujificha. Nampenda baba yangu, lakini nadhani hivyo.

Muda si mrefu niligonga ukuta kwa kijiko na ukuta haukujibu.

Walikuwa wamehamia stesheni, wao na watu wengi wa Kasai, kungoja treni ya kuwapeleka huko walikoambiwa ni kwao. Mama alifunga bukari, ugali wetu, na sombe katika kitambaa, akanishika mkono tukaenda. Uwanja wote wa stesheni ulikuwa magodoro, vyungu, cherehani, milango iliyong'olewa nyumbani. Tulimkuta Ngalula amekaa juu ya sanduku la vyombo, upanga wake wa mbao mapajani. Macho yake yalikuwa mekundu na alikohoa. Nilidhani amelia.

"Munaenda wapi?" nikamuuliza.

"Kwetu, banasema."

"Kwenu ni wapi?"

"Sijue. Papa njo anajua."

Nitasema jambo litakalomfanya msomaji anishangae: nilimwonea wivu. Yeye angepanda treni, angeona nchi, asingeenda shule. Mimi ningebaki na toroli. Na sikuwa na huzuni kubwa, kwa sababu nilikuwa naujua mwendo wa mambo haya. Ya kwanza mnakuwa pamoja. Ya pili mtu anafukuzwa. Ya tatu wanarudi kumchukua. Tata Kabeya alikuwa ameshasema, na Tata Kabeya ndiye aliyejua filimu.

"Usilie," nikamwambia. "Fundi pia balimufukuza."

"Silii. Niko na joto." Akafuta pua. "Mwadi, ya tatu ikikuya kabla nirudie, we enda uione. Lakini usiniambie mwisho. Nitauona mi mwenyewe."

"Sitakuambia."

"Apa."

Nikaapa. Mama yake Ngalula na mama yangu walikuwa wameshikana mabega. Tata Kabeya alimshukuru mama kwa chakula, kwa Kifaransa, kama tulivyofanya tulipotaka kuheshimiana sana. Treni ilipokuja ilikuwa ya mabehewa ya mizigo, yasiyo na paa. Ngalula alipanda akasukumana na watu mpaka akafika mbele kabisa, kwenye ukingo, akainua upanga juu. Nami nikainua wangu. Niliona mgongo wake mpaka ulipopotea.

Basi nikaanza kuingoja ya tatu. Nilingoja kwa imani ambayo sijawahi kuwa nayo tena juu ya kitu chochote, kanisa likiwemo. Nyumba ya jirani ilipewa watu wengine. Niligonga ukuta siku moja, na mwanamume akafoka kutoka upande wa pili. Ukumbi wa kampuni ulifungwa, mabenchi yake yakaibwa, na lile shuka nililiona limeanikwa kwenye uzi wa mtu. Nilichunga toroli watoto wengine wasilichukue. Sikukaa mbele, ingawa hapakuwa na wa kunizuia.

Ya tatu haikuja Kapata. Ilikuja Kasulo, mtaa mwingine wa mji wetu, katika kibanda cha bati chenye televisheni ndogo na jenereta iliyonguruma nje. Mfafanuzi alikuwa kijana mmoja aliyetoka kuishi Zambia, naye alikijua Kiingereza kweli. Alitafsiri neno kwa neno. Nahodha akisema "funga kamba," naye alisema "funga kamba." Alikuwa hodari, na ilichosha kama kusomewa tangazo.

Nilikaa mbele kabisa, chini, nimekumbatia magoti. Kapita alikuwa mtu mwingine, mnene, asiyefanana hata kidogo. Haidhuru, nilisema moyoni, ilimradi anajua njia. Meli ilipita kisiwa, nikainuka nusu. Haikusimama. Ilipita cha pili. Kulikuwa na harusi, na tumbili, na mizinga, na watu wakacheka, kisha majina yakaanza kupanda kwenye kioo na kijana akaenda kuzima jenereta.

Nikasimama. "Na Fundi?"

"Fundi gani?"

"Ule wa mu kisiwa. Na mutoto wake. Banaenda kumubeba saa gani?"

Kijana aliniangalia kwa wema, hilo siwezi kumnyima. "Mudogo, hii filimu haina fundi. Imeisha."

Watu walicheka, si kwa ubaya, wakawa wananipita kutoka nje. Nikalia pale chini ya televisheni iliyozimwa, ikinuka vumbi la moto. Nilifika nyumbani bado nalia, na mama akaniuliza nani amenipiga.

"Habakurudia, mama."

"Banani?"

"Ba Fundi. Kapita alipita tu hivi."

Mama hakunicheka. Alinivuta, akakiegemeza kichwa changu tumboni mwake, na nikasikia tumbo lile likitetemeka. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba Ngalula harudi. Hakuna mtu mzima aliyenieleza. Ilibidi nielezwe na filimu mbaya.

Miaka ilipita, nami sitaihesabu. Kampuni ilikufa taratibu, kama mgonjwa anayeagwa kila wiki na bado anapumua. Baadaye watu wa Kasulo wakagundua kwamba chini ya sakafu zao kuna madini, wakachimba vyumbani, na kile kibanda cha sinema kikawa shimo lenye kamba. Nilikua, nikaolewa, nikapata duka dogo la vitambaa. Kisha siku moja mteja akaniambia kwamba kuna mzee amerudi kutoka Kasai, anakaa kwa mpwa wake huko Kasulo, na anauliza kama bado yuko mtu anayekumbuka sinema za Kapata.

Nilifunga duka nikaenda na unga. Nilimkuta uani kwenye kiti cha plastiki, amekonda, macho yake yameingia ukungu mweupe. Alinielekezea sikio.

"Ni Mwadi, Tata. Wa ng'ambo ya ukuta."

Aligonga mkono wa kiti kwa kidole, mara kadhaa, kama kijiko. Hakuna salamu iliyowahi kuniuma kama ile.

Yeye mwenyewe alianza kunieleza, sikumuuliza. "Surua ilimushikilaka palepale ku stesheni. Mu treni hakukuwa dawa, hakukuwa kivuli. Alikufa kabla ya kufika Kamina. Treni ilisimama kidogo tu. Tulichimba na masahani, mwanangu. Mama yake alichimba na mikono." Akajifuta mdomo. "Hata mahali sasa sijue. Inchi yote pale inafanana."

Macho mekundu. Joto. Nilikuwa nimemwambia asilie. Tuliketi hivyo, na ng'ambo ya ua tukawasikia wachimbaji wakivuta kamba na kuhesabiana pumzi. Nilidhani amemaliza. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayeuliza habari za ndugu wa mbali.

"Ile ya tatu, ilifikaka huku?"

"Ilifika, Tata."

"Uliiona?"

"Niliiona."

"Ule Fundi." Akashika fimbo yake ya kutembelea kwa mikono yote miwili. "Balirudia?"

Duniani kote hakuna aliyejua kuliko yeye kwamba ahadi ile haikuwa kwenye filimu. Aliitoa kifuani mwake siku ile, mbele ya watu waliokuwa wakipiga mabenchi. Na mimi nilikuwa nimeapa stesheni kwamba mwisho sitausema. Lakini niliyemwapia alikuwa kando ya reli, mahali panapofanana na pengine pote.

"Balirudia, Tata," nikasema.

"Eleza."

Nikaeleza. Nilishusha sauti kama alivyokuwa akiishusha yeye. Nilisema meli iliingia maji, matundu kila upande, na hakuna aliyejua kuyaziba. Nilisema Kapita aliwapigia kelele, fundi, hapa! fundi, na pale! na hakuna aliyeitika, ndipo akakumbuka. Wakageuza meli. Upepo uliwakatalia, wakapiga makasia mpaka viganja vikatoka damu. Mzee alisikiliza kinywa wazi, na mara moja akanikatiza kama bwana wa kazi:

"Na balipofika? Kapita alisema nini?"

"Alipiga magoti, Tata. Mu muchanga. Bote balipiga magoti, hata bale balikuwaka kusukuma mashua. Basema: tuliwakosea."

Alitikisa kichwa kukubali, taratibu. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika. Nilikuwa nalia pia, ila sauti niliishikilia, kwa sababu mfafanuzi hakatiki katikati.

"Na mutoto?" akauliza. "Ule mutoto mwanamuke?"

"Alikuwa muzima. Alipanda wa kwanza. Kurudia kote alikaa mbele kabisa, Tata. Yeye njo alionaka inchi wa kwanza."

Tata Kabeya aliiweka fimbo chini, kando ya mguu, kama alivyokuwa akifanya taa za ukumbi zilipowashwa.

"Njo mukubwa," akasema. "Anakaaka mbele." Kisha, kwa sauti ya mtu aliyetazama filimu nyingi na anajua kuzipima: "Basi, ya tatu inashinda ya kwanza."

"Inashinda zote, Tata," nikamwambia.